Makato Yako ya SHA Hayamtibu Mama Yako Kitui

Msomaji, ikiwa umeajiriwa hapa mjini na kwenu ni Kitui au Makueni, hebu itazame karatasi yako ya mshahara. Pale penye makato utaona SHA. Ukiwa unapokea shilingi 40,000 kwa mwezi, umekatwa 1,100. Sasa jiulize: pesa hizo zinamtibu nani?

Wengi watajibu bila kusita, "Mimi na watu wangu." Jibu hilo ni kweli nusu. Watu wako, kwa desturi zetu, ni pamoja na mama aliyeko Zombe na baba aliyeko Kilungu. Kwa sheria, watu wako ni mkeo au mumeo na watoto wanaokutegemea, basi. Mama na baba wamehesabiwa kuwa nyumba nyingine yenye mchango wake. Usipowalipia wewe, na wao wasipolipa, hawana bima ya kulazwa hospitalini, hata kama wewe hujakosa kukatwa mwezi mmoja.

Ubaya ni kwamba jambo hili hugunduliwa mahali pasipofaa, yaani kwenye dirisha la malipo, mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa. Hapo ndipo simu zinapoanza kulia Nairobi, kikundi cha ukoo kinafunguliwa kwenye WhatsApp, na mweka hazina wa harambee anateuliwa. Nani kati yetu hajachangia harambee ya aina hiyo? Na nani hajui kwamba harambee ya pili huwa ndogo kuliko ya kwanza, na ya tatu huwa ndogo zaidi?

Rai yangu leo ni mbili. Kwanza, sheria hii ina jema lake, lakini namna inavyomtoza mkulima wa Ukambani haifai na inapaswa kurekebishwa. Pili, wewe uliye mjini usingoje irekebishwe.

KADI YA SHILINGI 500

Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo. Wazee wetu wamepitia mengi katika habari ya ada za hospitali. Mwezi wa Desemba 1989 Serikali ilileta mpango wa kuchangia gharama, na mgonjwa aliyezoea kutibiwa bure akaanza kuulizwa pesa mlangoni. Mwaka wa 2004 ada ikapunguzwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya. Mwaka wa 2013 ada hizo zikafutwa, na akina mama wakaanza kujifungua bure katika hospitali za umma.

Ugatuzi ulipokuja, kaunti zetu mbili hazikukaa zikiangalia. Mwaka wa 2016 serikali ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha MakueniCare. Nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka mzima, kisha ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena. Waliotimu miaka 65 hawakutakiwa kulipa hata hizo 500. Huko Kitui, Gavana Charity Ngilu naye alileta mpango wa K-CHIC, shilingi 1,000 kwa nyumba kwa mwaka. Jirani zao wa Machakos walikuwa miongoni mwa kaunti nne, pamoja na Kisumu, Nyeri na Isiolo, zilizochaguliwa kujaribu matibabu ya bure kuanzia Desemba 2018.

Bi Ngilu hakuwa mgeni katika jambo hili. Alipokuwa Waziri wa Afya ndiye aliyepigania mswada wa bima ya afya ya jamii, Bunge likaupitisha Desemba 2004, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Kwa hivyo wazo la bima ya kila Mkenya halikuzaliwa juzi. Mmoja wa waliolibeba mwanzoni ni mbunge wa Kitui.

Hata hivyo, tusizisifu kadi za kaunti kupita kiasi. Kadi ya Makueni ilikuwa na nguvu Makueni peke yake. Mgonjwa wa Mtito Andei akihamishiwa Hospitali ya Kenyatta, kadi ilikuwa kipande cha karatasi tu. Na mtu aliyeishi ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, alikuwa mgeni hospitalini Makindu, hata kama Makindu ilikuwa karibu naye kuliko hospitali yoyote ya kaunti yake. Kila mpango wa manufaa huwa na mlango, na mlango huwa na mlinzi mwenye orodha.

SHERIA MPYA YASEMAJE

Tarehe 19 Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024, lakini Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo Septemba mwaka huohuo. Tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF tuliyoijua tangu 1966 ikatoweka na SHA ikachukua nafasi yake.

Chini ya SHA kuna hazina tatu, na ni muhimu kuzitofautisha, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Hazina ya kwanza ni ya huduma za msingi. Hii inatokana na pesa za Serikali, na inamlipia mtu yeyote aliyesajiliwa anapotibiwa katika zahanati na kituo cha afya. Hapa mtu hahitaji kulipa mchango. Anahitaji kusajiliwa tu.

Hazina ya pili ndiyo bima yenyewe. Hii ndiyo inayolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua, kusafishwa damu kwa wenye maradhi ya figo na mengineyo. Hapa kusajiliwa hakutoshi. Ni lazima mchango uwe umelipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiyeajiriwa huulizwa maswali kuhusu maisha yake, kisha hukadiriwa kiasi cha kulipa, na hakuna anayekadiriwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Naye hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 kwa uchache.

Hazina ya tatu ni ya dharura na ya maradhi sugu, inayokusudiwa kumsaidia mgonjwa ambaye kiwango chake katika bima kimekwisha.

Kwa hivyo, msomaji, mama yako akikuambia kwa simu, "Nimeandikishwa SHA," usifurahi ukalala. Muulize kama amelipiwa. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2025 Wakenya zaidi ya milioni 25 walikuwa wamesajiliwa, lakini wanaolipa ni sehemu ndogo tu ya hao. Wengine wote watatibiwa homa kwenye zahanati ya kijiji. Siku watakapohitaji kulazwa Wote au Mwingi, watakuwa kama watu wasio na bima kabisa.

Akina mama wajawazito wameonja mabadiliko haya mapema. Chini ya Linda Mama, mwanamke alijiandikisha tu, akajifungua, akaenda zake nyumbani. Mpango uliochukua nafasi yake umeingizwa ndani ya bima, nayo bima inataka mchango. Ni kweli kwamba umepanuliwa ukaihusisha jamaa nzima, na bima inalipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Lakini manufaa hayo hayamfikii mke wa kibarua ambaye mumewe hakuweza kuzipata hizo 3,600 kwa mkupuo.

Tuseme ukweli kwa pande zote mbili. Shilingi 3,600 ni zaidi ya mara saba ya ile 500 ya Makueni. Lakini pia ni pungufu ya 6,000 ambazo NHIF ilikuwa ikimtoza kwa mwaka mtu asiyeajiriwa, na zinamfungulia mgonjwa milango ambayo kadi ya kaunti haikuweza kuifungua: hospitali za rufaa, za misheni na za binafsi zilizo na mkataba, popote nchini. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, bima inamlipia shilingi 10,650 kila mara. Ni mkulima gani wa Kitui angemudu hilo kwa kuuza mbuzi?

NANI ANAHESABIWA?

Swali la nani yumo na nani yuko nje halituhusu sisi peke yetu. Huko Marekani, sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imepunguza orodha ya wahamiaji wanaoweza kupata Medicaid, yaani matibabu ya Serikali kwa wenye kipato kidogo. Kuanzia Oktoba 2026, wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao hapo awali walikuwemo, wanaondolewa. Mwenye ukaazi wa kudumu hakuondolewa, lakini kwa kawaida yeye hungoja miaka mitano kwanza, kwa sheria ya tangu 1996. Sheria hiyohiyo ya 2025 imeweka ushuru wa asilimia moja, tangu Januari 2026, kwa pesa zinazotumwa ng'ambo na mtu anayelipa kwa taslimu. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani hakatwi. Ikiwa una ndugu Minnesota au Texas anayemtumia mama pesa za dawa, mwambie.

Kwetu, sheria imekuwa karimu kuliko hiyo kwa mgeni. Asiye Mkenya anayeishi nchini anaweza kusajiliwa na kuchangia. Anayekuja kwa muda usiofika miezi kumi na miwili hutakiwa kuja na bima yake ya safari. Mtanzania au Mganda anayeishi Emali kwa kazi yake anaweza kuwa na bima sawa na wewe. Hilo ni jema.

Lakini angalia mzaha uliomo. Mgeni mwenye mshahara ana bima, na mzee mwenye kitambulisho cha Kenya, aliyezaliwa Mutomo na kuzeekea Mutomo, hana. Hakufukuzwa na mtu. Hakuna mlinzi aliyemwambia hayumo kwenye orodha. Amebaki nje kwa sababu ya shilingi 3,600 alizotakiwa azitoe zote kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kunyimwa haki yake bila neno la "hapana" kutamkwa.

MVUA NA MCHANGO

Waliopanga malipo haya walimfikiria mtu wa mshahara, kisha wakamshonea mkulima nguo ya kipimo hichohicho. Ukambani pesa hufuata mvua. Mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Pojo na kunde huvunwa mwanzoni mwa mwaka. Maembe ya Makueni huuzwa kwa wingi kati ya Novemba na Machi. Mkulima huyo akiombwa mchango mwezi wa Februari, huenda akautoa huku anacheka. Akiombwa Septemba, ghala tupu na mbuzi wamekonda, unamwomba kitu ambacho hana.

Serikali imeleta mkopo wa kulipia bima kidogokidogo kwa simu, uitwao Lipa SHA Pole Pole. Ni msaada, sikatai. Lakini mkopo ni deni, na deni la kila mwezi kwa mtu asiye na pesa ya kila mwezi ni mzigo mwingine. Afadhali mchango wake uwekewe tarehe ya mavuno, au akusanye mwenyewe akiba yake kwa SHA kila anapouza debe la pojo, mpaka 3,600 zitimie.

Kuna na hili la makadirio. Anayekadiriwa huulizwa habari za nyumba anamoishi na vitu alivyo navyo. Sasa fikiria mama mjane wa Kibwezi. Wanawe walio Mombasa wamemjengea nyumba ya matofali, wakaezeka mabati, wakamwekea tangi la maji na taa ya jua. Akiulizwa, atajibu ukweli. Kwa karatasi ataonekana mwenye uwezo, na kumbe mkononi hana hata shilingi mia. Nyumba aliyojengewa na wanawe si mapato yake. Makadirio yasiyojua tofauti hiyo yatawaadhibu wazee kwa kuwa na watoto wema.

KINACHOPASWA KUFANYWA

Napendekeza mambo matatu kwa wakubwa.

La kwanza, wazee. Makueni iliwahi kuamua kwamba aliyetimu miaka 65 asilipe. Sheria mpya haina msamaha wa umri. Mzee atalipiwa tu akihesabiwa kuwa hajiwezi. Serikali ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba itawalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, nasi twaipongeza. Lakini Serikali hiyohiyo inalo daftari la Inua Jamii, lenye wazee wa miaka 70 na zaidi wanaopewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mchango wa chini wa SHA unameza karibu miezi miwili ya posho hiyo. Yafaa nini kumpa mzee kwa mkono wa kulia na kumtoza kwa mkono wa kushoto? Kila aliyemo katika daftari hilo aingizwe kwenye bima moja kwa moja, bila fomu na bila maswali.

La pili, kaunti. Kitui na Makueni zilitenga pesa kwa mipango yao wakati hakuna aliyezilazimisha. Moyo huo usife kwa sababu Nairobi imeleta mpango wake. Zichukue wahudumu wa afya wa vijijini, wanaozijua nyumba moja baada ya nyingine, waandike majina ya wasioweza kulipa, na kaunti iwalipie. Mhudumu wa Tseikuru anajua nani analala njaa kuliko mashine yoyote ya makadirio.

La tatu, Hazina ya Taifa. Katika bajeti ya 2025/26 huduma za msingi zilitengewa shilingi bilioni 13.1, na ile hazina ya dharura na maradhi sugu bilioni 8. Pesa iliyoandikwa kwenye bajeti haitibu mtu mpaka ifike. Zahanati isipolipwa kwa wakati huishiwa dawa, na zahanati ikiishiwa dawa mgonjwa huenda duka la dawa na pesa zake mwenyewe, bima au hakuna bima.

Wenye shaka watauliza kama nchi maskini inaweza kuwabeba wasiojiweza. Rwanda imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka mingi. Mwananchi wa kawaida huchangia bima ya jamii kadiri ya daraja lake, na aliye chini kabisa hulipiwa na Serikali. Rwanda haina dhahabu ambayo sisi hatuna.

Nawe, msomaji, fanya yako wiki hii, usingoje Krismasi. Piga *147# ukiwa na nambari ya kitambulisho cha mzazi, au mtume kijana wa nyumbani aende naye Huduma Centre mjini Kitui au Wote. Hakikisha mambo mawili: amesajiliwa, na amelipiwa. Ikiwa baba na mama wote wako hai, wawe katika nyumba moja ya bima, mchango ni mmoja. Mkiwa ndugu wanne, 3,600 ni shilingi 900 kila mmoja kwa mwaka. Andikeni tarehe ya kuisha kwake, mmoja wenu apewe kazi ya kuikumbuka, maana bima ikikatika huku mzee yuko wodini ni kama haikuwahi kuwepo. Kama makadirio yamekuja makubwa kuliko uwezo wake, nenda naye ofisini mkaulize yalivyofikiwa.

Mkumbushe pia kwamba dharura haingoji mchango. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Aliyeumwa na nyoka huko Mutha akatibiwe kwanza, mambo ya karatasi yafuate. Na kwa shinikizo la damu au sukari, asikae nyumbani akihofia gharama. Aanzie zahanati ya karibu, ambako kusajiliwa kwatosha.

Sheria inaweza kubadilishwa, na tuipigie kelele mpaka ibadilishwe. Lakini mzazi hasubiri marekebisho ya sheria ndipo augue. Ile harambee tunayoijua sote, ya usiku mmoja, yenye hofu na aibu ndani yake, tuifanye mapema, kidogokidogo, mzee akiwa bado anatembea shambani kwake. Akiba haiozi.